Nilisema Kijana Wetu Anaonewa

Habari ilinikuta nyumbani Chanji, Jumamosi asubuhi, nachagua mawe kwenye maharage. Simu ilikuwa ya mhariri wangu, na hata salamu hakunipa.

"Umesikia ya kijana wetu?"

Nikadhani ameanguka. Mtu anayeshuka milima juu ya kibaiskeli chembamba kama kile, ukiulizwa hivyo, unachofikiria kwanza ni kuanguka.

"Amekufa?" nikauliza.

"Hajafa. Wamempima mkojo baada ya mashindano, wamekuta dawa za kusisimua misuli."

Nilicheka. Sijui kwa nini, lakini nilicheka, na kicheko kilipokatika nikakuta maharage yote yamemwagika sakafuni na sinia liko miguuni kwangu.

Wakati huo nilikuwa mtangazaji wa michezo kwenye redio yetu ndogo ya mjini Sumbawanga. Kazi yangu kubwa ilikuwa mpira, kama ilivyo kila mahali, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye baiskeli, kwa sababu kwenye baiskeli tulikuwa na watu. Kijana mwenyewe alitoka Msanzi, mtoto wa mama mjane, na alianza kwa kuleta magunia ya mahindi mjini kwa baiskeli ya chuma, anakanyaga kwa kusimama kila kilima. Mtu mmoja alimwona, akamwazima baiskeli ya mashindano. Mara ya kwanza alimaliza karibu na mwisho. Miaka ikapita, akawa wa kumi, akawa wa tano. Kisha ikaja siku ya mashindano ya Sumbawanga kwenda Matai na kurudi, yale ambayo mshindi wake angechukuliwa kwenda kufanyiwa majaribio na timu ya nje.

Siku hiyo nilikuwa nyuma ya gari la wazi, kipaza sauti mkononi, upepo wa Juni unanikata masikio. Mbele alikuwa mwanaume mmoja wa Milepa, mkulima wa mpunga kutoka bondeni, ambaye alikuwa ameshinda mashindano hayo mara tatu mfululizo. Kilima cha mwisho kabla ya kuingia mjini, kijana wa Msanzi akamfikia, akampita. Alimpita kama anayempita mtu aliyesimama kununua vocha. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa, anapumulia puani. Nikapiga kelele hewani mpaka sauti ikakauka: "Mapafu ya Ufipa! Tazameni mapafu ya Ufipa!"

Jina likamganda. Akaondoka nalo kwenda nje, akapata timu, na kila aliposhindana mimi nilisoma matokeo yake kwenye kipindi. Kinyozi mmoja wa mtaani kwetu aliliandika ukutani kwa rangi nyekundu.

Sasa hii habari.

Jumatatu saa kumi jioni nilifungua simu za wasikilizaji. Mhariri alikuwa ameniambia nisome taarifa ya chama cha mchezo kama ilivyo, basi. Niliisoma. Kisha, bila kuombwa na mtu, nikaongeza yangu. Nikasema: "Ndugu zangu, kijana wetu anaonewa."

Simu ziliwaka. Mzee mmoja alisema hao watu hawataki Mwafrika ashinde. Mwingine alisema mkojo unaweza kubadilishwa, ni chupa tu ile. Vijana wa kijiweni walipiga wote kwa simu moja, wanasemeshana: "Dada, waambie, mshikaji kalelewa na ugali wa ulezi! Dawa ya nini?" Nikacheka nao. Kisha akapiga mama mmoja aliyejitambulisha kama muuguzi mstaafu. Alisema taratibu, "Mwanangu, mimi nampenda kijana kama nyie. Lakini wewe mwandishi, umemuuliza mwenyewe?"

Nilikata simu yake. Nikasema mtandao unasumbua.

Kwa wiki tatu niliendelea hivyo. Kanisani watu walinishika mkono, wakaniambia nimewasemea. Nilimpigia kijana mara nyingi, simu yake ilikuwa imezimwa, na hilo pia nililifanya ushahidi wa kuonewa kwake: wamemnyang'anya hata simu. Kisha dereva mmoja wa basi akaniambia amemleta kutoka Tunduma, amejifunika kofia mpaka puani, na ameteremkia Msanzi.

Kesho yake nilikwenda na kinasa sauti changu. Nilitaka akane kwa kinywa chake, nipeleke sauti hewani, tufunge mjadala.

Nilimkuta uani na mama yake, wanapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Niliinama kumsalimia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye unayempigania mtoto wangu kule redioni. Mungu akubariki." Akanipa kigoda, akaniletea togwa kwenye kikombe cha bati. Akaniambia parokiani wamemwombea misa, na kwamba wanawake wa jumuiya yao wamesali kwa ajili yake siku tisa, nyumba kwa nyumba.

Niliweka kinasa juu ya gunia, nikakiwasha. Nikamwambia kijana, "Sema tu ukweli, wasikilizaji wanakusubiri."

Alikitazama kile kidude. Akasema, "Dada, zima."

"Kwa nini?"

"Zima kwanza."

Nikazima.

"Nilichoma," akasema.

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye mahindi. "Ulichoma nini?" Nadhani alifikiri ni nyumba ya watu, au shamba.

"Sindano, mama."

"Nani alikuchoma?"

"Nilijichoma mwenyewe."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa kama huumwi, sindano ya nini?"

Kijana akaokota hindi jingine, akaendelea kupukuchua. Mama alirudia swali lile lile, safari hii kwa Kifipa, kama mtu anayeamini kwamba kwa lugha ya nyumbani jibu litakuwa lingine. Kijana akajibu kwa Kifipa, maneno machache. Mama akaacha gunzi la mkononi likaanguka. Hakulia wala hakumpiga. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Nilibaki na kijana. Sikutaka kuuliza zaidi, lakini nikauliza.

"Walikufundisha huko nje?"

"Hapana, dada. Nilianza hapa."

"Hapa wapi?"

"Kabla ya mashindano ya Matai. Kuna mtu alikuwa anazileta kutoka mbali, vichupa vidogo, kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Zinaongeza damu. Unapanda kilima hupumui juu juu, unaona wenzako wanahema, wewe bado." Akatazama chini. "Mara ya kwanza niliogopa sana. Nilihisi damu nzito kifuani. Usiku naamka, natembea chumbani ili moyo usisimame. Kisha nikashinda. Nikasikia unavyopiga kelele."

Yale mapafu niliyoyasifia. Nilihisi uso unaniwaka kama nimezabwa kibao mbele ya watu.

Nilirudi mjini sina sauti yoyote kwenye kinasa. Nilimweleza mhariri. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Amekiri kwako, na huna ushahidi," akasema. "Ukitangaza, kesho anakana, na wasikilizaji watatuchomea redio. Ukinyamaza, basi sisi ni waongo. Unataka nini?"

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli. Siku mbili sikuingia studio. Nilisema naumwa malaria.

Siku ya tatu nilirudi kazini, na kama saa nane mchana mlinzi wa getini akanipigia: kuna mama hapa anakuulizia. Nilitoka. Alikuwa mama wa Msanzi, kitenge cha kanisani, viatu vya kufunga, na mwanawe nyuma yake amebeba mfuko wa unga.

"Nimekuletea," akasema.

Nikadhani anazungumzia unga. Nikapokea mfuko, nikashukuru. Akatikisa kichwa. Akamshika mwanawe begani, akamsogeza mbele yangu kama mtu anayekabidhi mzigo.

"Watu wamesali siku tisa kwa uongo," akasema. "Wengine wamefunga. Aseme mwenyewe, wamsikie."

Saa kumi kijana alikaa mbele ya kipaza sauti. Mama alikataa kuingia studio. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, chini ya spika, mikono mapajani. Kupitia kioo niliweza kumwona. Mimi nilianza, na kabla ya yote nikasema kwamba wiki tatu zilizopita niliwaambia anaonewa, sikuwa nimemuuliza yeyote, na nilimkatia simu mama aliyeniambia niulize. Kisha kijana akasema. Alisema yote, pamoja na ile ya Matai. Alizungumza kama dakika saba hivi, sauti yake ndogo, na aliposema "naomba msamaha kwa mama yangu" nilimwona mama kule nje amekaa vilevile, hajatikisika.

Nikafungua simu, nikingojea hasira. Hasira ilikuja, lakini haikuja nilikoitarajia. Mpigaji wa kwanza aliuliza nani amewalipa. Wa pili, sauti ya mzee, alisema kijana amelazimishwa kukiri. Wa tatu alimgeukia kijana moja kwa moja: "Kwa nini usingenyamaza? Tulikuwa tayari kukutetea mpaka mwisho!" Wa nne alinigeukia mimi: "Wewe dada, Jumatatu ile ulituambia vingine. Leo tukuamini kwa lipi?" Nilisema, "Una haki." Yule muuguzi mstaafu hakupiga.

Kilichonishtua mpaka leo ni kwamba katika simu zote zile hakuna aliyeuliza habari za aliyeshindwa. Na mimi mwenyewe sikumkumbuka. Nilimkumbuka nikiwa kitandani, asubuhi, macho kwenye dari: yule mwanaume wa Milepa.

Nikapanda pikipiki kushuka bondeni. Ukitoka juu kwetu na sweta, ukifika chini unalivua. Joto la Milepa ni la nchi nyingine. Nilimkuta kwenye jaruba la mpunga, suruali imekunjwa hadi magotini, anaziba maji kwa jembe. Alikuwa amenenepa kidogo. Baiskeli hakuwa nayo tena, alishaiuza. Alinikaribisha tukakaa kwenye tuta.

"Ulisikiliza redio?" nikamuuliza.

"Nilisikiliza."

"Umekasirika?"

Alikwangua tope kwenye jembe kwa kidole gumba.

"Nikuambie kitu, dada. Baada ya siku ile nilikwenda hospitali kupima moyo. Yule kijana nilikuwa namwacha kwenye vilima, kila siku namwacha. Siku ile ananipita anapumulia puani. Nikajua mimi ni mgonjwa. Daktari akasema moyo mzima. Sikuamini, nikaenda hospitali nyingine, nako wakasema mzima. Nikamwambia mke wangu, hawa hawajaona, lakini mwili umeniambia. Nikaacha baiskeli ili nisife nikawaacha watoto." Akaniangalia. "Kwa hiyo sikuwa mgonjwa?"

"Hukuwa mgonjwa, kaka."

"Wala sikuwa nimeshuka?"

"Hukushuka. Ulikuwa yule yule."

Akasimama. Akaingia kwenye maji, akatembea mpaka upande wa pili wa jaruba, akabaki kule amenipa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Mkewe, aliyekuwa akija na chakula, alisimama njiani asijue aende au arudi. Nilimwonyesha kwa mkono asubiri. Tulisubiri wote wawili, sufuria la ugali likiwa kichwani kwake, mpaka mumewe aliporudi, akanawa uso kwa maji yale yale ya shamba, akasema tule.

Kijana alifungiwa. Sasa yuko Msanzi, analima mahindi na ulezi, na watu wengi bado wanamsalimia kwa lile jina nililompa, wengine kwa mapenzi, wengine kwa dhihaka, na anaitikia wote. Mama yake, alivyoniambia mwenyewe, alikaa miezi bila kusema naye zaidi ya salamu na karibu chakula. Kisha siku moja akamwomba amshushie gunia, na maneno yakarudi taratibu. Mimi bado natangaza. Simsifii mtu mapafu yake. Kuna wasikilizaji wameniambia siku hizi matangazo yangu yamepoa, na nadhani wanasema kweli.

Miezi mingi baadaye chama kilituma barua: matokeo ya Matai yamebadilishwa, mshindi ni yule wa Milepa. Niliyasoma kwenye kipindi cha jioni, wa kwanza hadi wa kumi, polepole. Alipiga simu mtu mmoja tu, akauliza kama mbolea imefika mjini.

Nilimpigia mwenye ushindi kumpongeza. Alikuwa shambani, redio ameiacha nyumbani, hakusikia chochote. Basi nikamsomea tena, kwa simu, nimesimama kwenye korido ya redio. Nilipomaliza nilisikia maji yakitiririka upande wake.

"Rudia hapo mwanzo," akasema.

Nikarudia.

"Asante, dada. Ngoja nikafunge maji, yanafurika."