Kamba Kumi na Moja

Wageni huambiwa wakija Pemba waperembe. Mimi sikuhitaji kuambiwa, nilizaliwa naperemba. Nikinunua samaki sokoni Konde namfunua mashavu mara mbili, na muuzaji akiniapia kwamba kavuliwa asubuhi, ndiyo kwanza namrudisha mezani. Darasa zima likipata jibu moja sahihi, nawapanga upya madawati. Mama alikuwa akisema kwamba lau ningepewa mimi kazi ya kuandika makosa ya watu, dunia ingeishiwa karatasi.

Nasomesha historia skuli ya sekondari. Kila mwaka, nikifika kwenye somo la ustaarabu wa kale wa mabonde ya mito, naugawa ubao kwa mstari wa chaki. Upande wa kulia Misri na mto wake mmoja, upande wa kushoto Mesopotamia, nchi iliyokaa baina ya Tigris na Furati. Wanafunzi wetu hawajaona mto wa kutisha. Kwetu kuna vijito vya kuvuka kwa kupandisha nguo magotini, na mabonde ambayo masika huyajaza maji, wanawake wakapanda mpunga. Basi nawaambia wafikirie bonde la mpunga, lakini lenye maji yatokayo mbali, yasiyokwisha.

Mto wa Misri, nawaambia, ulikuwa na adabu. Ulifurika kwa msimu wake, ukaacha tope jeusi lenye rutuba, ukarudi ulikotoka. Mito ya Mesopotamia haikuwa na miadi. Ilifurika wakati shayiri imekaribia kuvunwa, na mara nyingine ikachukua shamba na nyumba pamoja. Kwa hiyo Mmisri akakaa na moyo mtulivu, na yule mwenziwe akachimba mifereji, akajenga kuta, akagombana na mji wa jirani kwa ajili ya maji na mipaka, na kila makubaliano akayaandika kwenye udongo mbichi na kuyapiga muhuri. Mimi na watu wa Mesopotamia tulielewana tangu nilipokuwa chuoni. Hawakumwamini mtu, na niliwaona wana haki.

Mama yangu alikuwa Mmisri. Hakuwahi kuandika kitu. Alikuwa na kipande cha bonde upande wa Shumba, urithi wa baba yake, na ubavuni mwake kipande cha pili, cha urithi huo huo, alichokuwa akikilima jirani yetu. Babu alimwazima kwa mdomo zamani, mimi sijazaliwa, kwa sharti tunalolijua sote kisiwani: lima mpunga, lima muhogo, ila usipande mti. Maana mti ukishasimama ni wa aliyeupanda, na chini ya mti maneno huota. Jirani hakupanda hata mgomba. Kila mwaka alipanda mpunga wake, akavuna, na pishi ya kwanza akaileta kwetu bila ya kuombwa.

Na si jirani tu. Nilipokuwa mchanga mama alishikwa na homa kali, na yeye ndiye aliyeninyonyesha mpaka mama akainuka. Kwa sheria ya dini ni mama yangu. Kijiji kizima kinaniita Mwalimu, hata mama mwenyewe alikuwa akiniita hivyo akitaka kunikejeli. Yeye peke yake aliniita mwanangu. Alikuwa fundi wa kamba za usumba, anaozesha makumbi ya nazi ufukweni, anayaponda, anasokota kwa viganja barazani kwake huku akizungumza. Nilipojenga nyumba yangu, zawadi yake ilikuwa kamba ya kisima.

Sasa mwaka mmoja, katika kuandaa somo, nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nikilipita haraka. Hata Misri mafuriko yalifuta mipaka. Maji yakishuka ilibidi watu waje na kamba, waipime ardhi upya, kila mtu arudishiwe chake. Nikajiambia, kumbe hata hao watulivu walikuwa na kamba! Na sisi je, tunaokaa na bonde ambalo mpaka wake ni tuta la udongo na neno la marehemu?

Siku hiyo hiyo baada ya skuli niliichomoa kamba kisimani, nikaenda bondeni kabla mpunga haujapandwa. Niliifunga ncha moja kwenye kijiti, nikaivuta, nikahamisha kijiti, nikavuta tena, kutoka tuta la juu la mama mpaka tuta la kati, lile linalomtenganisha yeye na jirani. Kamba kumi na moja kamili. Niliandika kwenye daftari, nikatia tarehe na sahihi. Mama alipouliza natafuta nini kwenye matope, nilimwambia natayarisha somo.

Haukupita muda ikanyesha mvua ya siku tatu, na tuta la kati likakatika. Nilipofika asubuhi ya nne nilimkuta jirani peke yake, jembe mkononi, keshalijenga upya lote.

"Nshakumalizieni, mwanangu," aliniambia huku akicheka. "Mamako magoti yanamuuma, n'singemngoja."

Mwengine angesema ahsante. Mimi nilisema ahsante pia, lakini nilikuwa naliangalia tuta. Kwa nini peke yake? Kwa nini mapema vile? Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na neno hilo likakaa nami msimu mzima. Mpunga ulipoanza kuchanua, mama na yeye walikaa bondeni kutwa kuamia ndege wasile mpunga, huyu kwenye tuta la juu, yule la chini, wakipokezana kelele na visa vya zamani. Mimi nilikuwa nikiwaletea chai na kuhesabu mistari ya mpunga ya jirani.

Mpunga ulivunwa, bonde likakauka. Nikaitwaa ile kamba, ambayo wakati huo ilikuwa inaning'inia kwenye msumari jikoni, maana mfereji wa maji ya bomba ulikuwa umefika nyumbani na kisima tumekiacha. Nikapima. Kamba kumi na nusu. Nikapima tena, nikiivuta kwa nguvu zangu zote. Kumi na nusu.

Sijui namna ya kuieleza furaha niliyoipata. Naona aibu kuiandika, lakini ilikuwa furaha. Nusu kamba ya ardhi ya mama imeliwa, na mimi peke yangu ndiye niliyeigundua, kwa sababu mimi peke yangu niliandika. Sikwenda kumuuliza jirani. Nilikwenda moja kwa moja kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini.

Mama aliposikia alikaa kitako chini. "Wamshitaki mama yako?"

"Namshitaki aliyesogeza tuta."

"Na lau kasogeza? Kalima miaka yote hiyo, leo ataiba hatua sita? Dhana nyengine dhambi, wee mwana."

Nilimjibu kwamba dhana haina daftari, mimi ninalo.

Sheha alikuja nyumbani kwetu baada ya sala ya adhuhuri. Jirani aliitwa, akaja na buibui lake zuri, kama mtu aliyealikwa maulidi. Akakaa mkekani ubavuni mwa mama. Nilisoma daftari langu kwa sauti ya darasani, tarehe ya kwanza, tarehe ya pili, kumi na moja, kumi na nusu. Sheha alimgeukia, akamuuliza kama yuko tayari kuapa.

"Kuapa n'taapa," alisema. "Lakini kwanza hino kamba niione."

Nilimpa. Aliipitisha baina ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama mtu anayemkagua mtoto wake aliyekuwa safarini.

"Hino yangu mie," alisema. "Siku ile ya kwanza uliitoa wapi, mwanangu?"

"Kisimani."

"Na juzi?"

"Jikoni."

Akatikisa kichwa, akaomba ndoo ya maji. Aliifunga ncha ya kamba kwenye nguzo ya baraza, akanipa mimi ncha ya pili na kuniambia nivute hadi uani. Ilipofika, akapiga alama ya mkaa ukutani. Kisha akaikunja kamba yote akaizamisha ndooni, akaweka jiwe juu. Tukakaa. Mama alileta kahawa, sheha akazungumza habari za karafuu. Mimi nilikuwa nikiichunga ndoo isiguswe.

Baada ya alasiri aliitoa kamba inachuruzika, akaifunga pale pale, akanipa ncha. Nilivuta. Haikufika kwenye alama. Nilivuta tena mpaka viganja vikaniuma. Jirani alikuja na mkono wake, akaweka kiwiko pale kamba ilipoishia, na ncha ya kidole chake ikagusa mkaa. Dhiraa moja.

"Usumba ukinywa maji hujikaza," alimwambia sheha. "Ukikauka hulegea. Kila msokota kamba hulijua hilo."

Sheha alinitazama, maana nani afanye hesabu kama si mwalimu? Dhiraa moja mara kumi na moja. Kamba yenyewe kavu ni dhiraa ishirini na mbili, nilikuwa nimeipima siku nyingi. Nusu kamba, bila kuzidi wala kupungua. Tuta lilikuwa mahali pake.

Niliomba radhi palepale, mbele ya sheha, na niliomba kwa moyo. Jirani alinishika kichwa. "Hujakosa, mwanangu. Ntu asojua kamba hupotea." Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, sheha akaniambia niliandike na hilo daftarini, na wote wakalicheka daftari langu, nami nikacheka nao. Jambo lingeisha hapo. Kwa mtu mwengine lingeisha hapo.

Lakini asubuhi niliamka na swali. Kamba ilirowekwa saa chache tu ndooni, na siku ile ilitoka kisimani ilikokaa miezi. Je, ilijikaza kiasi kile kile? Na nani kaiweka kwenye maji? Nani kaitoa? Nani kapima kwa dhiraa yake mwenyewe? Nilijua ni upumbavu. Nilijua, na huku naitumbukiza kamba kisimani. Jioni yake nikaenda bondeni nayo, mbichi, na kijiti changu.

Nilipima kwa uangalifu kuliko siku zote mbili za mwanzo. Nilikuwa nimeinama kwenye kamba ya mwisho, nahesabu kwa sauti, nikaona miguu yake juu ya tuta. Alikuwa amekuja kulisafisha, jembe begani.

"Ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja," nilisema.

Aliliteremsha jembe begani. Nilitaka anitukane. Alilitazama bonde, upande wetu, kisha upande wake, ambao haukuwa wake ila kwa neno la babu.

"Bonde lenu nakurudishieni," alisema. "Nlipewa kwa mdomo, nami narudisha kwa mdomo. Mwambie mamako mie sina kinyongo."

Nilimfuata njia nzima nikimsihi. Mama alikwenda kwake siku ya pili, na ya tatu, na magoti yake yale. Alipokewa vizuri, akapewa chai, na jawabu likawa lile lile. Sheha alisema hapo hana la kufanya, kwa sababu hakuna aliyemnyang'anya mwenziwe kitu.

Masika yaliyofuata kipande cha chini kilibaki na nyasi. Ndege walitua humo, wakapumzika, kisha wakavuka tuta na kuja kwetu. Mama aliamia peke yake msimu mmoja. Alisema sauti ya mtu mmoja ndege hawaiogopi, na mwaka wa pili hakulima tena.

Bado nasomesha somo lile na bado naugawa ubao. Nikifika kwenye wapimaji wa Misri, najiuliza kamba zao walizipima zikiwa mbichi au kavu, na mwanafunzi akiuliza namwambia sijui. Upande wa Mesopotamia siusifu tena. Nawaambia tu kwamba waliandika kila kitu, na kwamba tunayajua magomvi yao kwa sababu hiyo.

Jirani yetu tunaonana. Pemba si kubwa. Nilimwomba radhi mara ya pili na ya tatu, na kila mara aliniambia keshanisamehe, na katika maisha yangu yote hilo ndilo neno moja ambalo sikulitilia shaka. Juzi nilimkuta njiani Konde na robota lake la kamba kichwani. Nilishuka kando kumpisha, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Alisimama, akaliweka sawa robota lake, akaniangalia kwa upole kabisa.

"Marahaba, Mwalimu."