Mama Mkwe Aliyebishana na Filamu

Siku moja nisiyoweza kuisahau, mwanangu, mama mkwe wangu alinichinjia kuku nami nikakataa kumla. Tena alikuwa kuku wake wa mayai. Alimpika kwa ufuta wa kusaga, akaniwekea hata firigisi, ambayo katika nyumba ile ilikuwa haki ya wanaume. Nikaisukuma sahani polepole, nikasema tumbo limejaa. Kumbe lilikuwa limejaa njaa.

"Mutoto," akaniuliza, "kuku iko mubaya?"

"Hapana, Mama. Nimeshiba tu."

Akafunika sahani, akatoka kwenda kwa jirani yake.

Ngoja nikueleze nilivyofika hapo. Mimi ni mtoto wa Koboko mjini, huku kaskazini ya Uganda, wa Wanubi, na wakati huo ndoa yangu ilikuwa changa kama ndizi mbichi. Kwetu, mjomba wangu alikuwa na televisheni na mashine ya video. Baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa walijaa sebuleni kwake, mikono ikisuka kawa za kufunikia chakula, macho yakiwa kwenye filamu. Nyingi zilitoka Afrika Magharibi, na mama mkwe wa filamu zile alikuwa yule yule siku zote. Anashuka kwenye gari na kilemba kikubwa, anamkagua mke wa mwanawe kutoka visigino mpaka utosi, halafu jioni ananyata jikoni na kumimina unga fulani kwenye mchuzi. Sisi tunapiga kelele: "Usile! Dada, usile!" Hakuna aliyetusikia, lakini koo zilikauka kweli.

Kisha nikaolewa na Rajabu, fundi baiskeli wa sokoni Arua aliyefuata Uislamu wa baba yake. Chumba alichokuwa akijenga mjini kilikuwa bado hakijaezekwa, basi akanipeleka kwanza kwa mama yake huko Manibe, mashambani, naye akawa anakuja mwisho wa wiki. Mama yake aliitwa Ayikoru, jina lililobeba neno la furaha kwa Kilugbara. Mimi sikuiona hiyo furaha. Nilimwona mama mkwe wa filamu, aliyekosa kilemba tu.

Alizungumza Kilugbara, mimi Kinubi, tukawa tunakutana katikati kwenye Kiswahili cha sokoni, ambacho kila mmoja wetu alikikata kwa panga lake. Akicheka na jirani yake kwa Kilugbara, nilijua wananipangia. Akinitazama nikichota maji, nilijua ananipima. Na jikoni, mwanangu, kulikuwa na kibuyu kidogo kimening'inizwa juu ya moto. Kila akipika mboga, alikiinamisha, akadondosha kitu kwenye chungu, akakirudisha bila kusema neno. Wazee wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaishika methali hiyo kama fimbo, nikasahau kwamba methali nayo huwa na mahali pake. Nikawa nakula muhogo niliochoma mwenyewe, na ndizi, kwa sababu ndizi ina ganda. Nikakonda mpaka nguo za harusi zikanipwaya.

Rajabu alipokuja Ijumaa ya wiki ile ya kuku, nilimvuta nyuma ya nyumba.

"Nitoe hapa. Nitalala hata kwenye chumba kisicho na bati. La sivyo nirudishe Koboko."

Akashtuka. "Mama amekufanya nini?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hajafanya."

Ikabidi nimweleze yote, filamu, kibuyu, kuku. Kwanza alicheka mpaka akachuchumaa. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akakaa chini kwenye majani akiwa amejishika kichwa. "Kuku yule," akasema, "Mama hajawahi kumchinjia hata baba." Nikaona kwamba nimemweka mtu katikati ya wanawake wawili, na kila mmoja anavuta mkono mmoja. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza kitu cha kweli.

Usiku ule alimwambia mama yake. Nikajua asubuhi kutakuwa na radi. Kulipokucha, Mama Ayikoru alinikuta ninafagia uwanja, akasimama mbele yangu, jembe begani.

"Hiyo filamu," akasema, "mimi nataka kuona."

Basi Jumamosi hiyo hiyo tukapanda baiskeli mbili za abiria mpaka Arua, yeye mbele amevaa kitenge chake cha kanisani, Rajabu nyuma kwa baiskeli yake. Karibu na soko palikuwa na kibanda cha video, chenye benchi za mbao na gunia mlangoni, na ndani vijana watupu. Mwenye kibanda alipomwona mama wa makamo akiinama kuingia, alidhani amekuja kumtoa mwanawe kwa kumvuta masikio. Rajabu akamweleza tunachotaka. Akacheka, akatafuta mkanda, akaweka. Mama Ayikoru akakaa benchi ya mbele kabisa, na mimi nikajibana ubavuni pake nikitamani ardhi inimeze.

Filamu haikufika mbali.

"Nyumba kubwa hivi," akasema kwa sauti ya shambani, "nani anafagia?"

Vijana wakageuka. Kwenye kioo mama mkwe alikuwa akipanda ngazi kwa hasira.

"Asubuhi alikuwa na hasira, saa hii tena hasira. Huyu mama iko na shamba? Palizi yake nani anafanya? Mimi hata nikitaka kuchukia mutu, napata saa ngapi?"

Kibanda kizima kikalipuka kicheko. Mtafsiri aliyekuwa akisimulia filamu kwa kipaza sauti akajaribu kuendelea, akashindwa, akaanza kumuuliza yeye: "Mama, sasa hapa unasemaje?" Naye akajibu. Chungu kilipowekwa mezani alisema hicho chakula hakijaiva, moshi wake uko wapi. Unga ulipomiminwa mchuzini, alipiga magoti yake kwa viganja: "Sisi wote tunaona, wewe wa nyumba hapana kuona! Basi wewe lala tu!" Mimi mwenyewe, mwanangu, niliyekuja nimekaza uso, nilicheka mpaka nikamwegemea begani, na begani pale nikabaki.

Kisha ikaja sehemu ambayo mimi sikuwahi kuitilia maanani, ingawa filamu ile niliijua. Mwana anaondoka na mkewe kwa gari, na yule mama mkwe anabaki peke yake getini. Anatazama barabara, halafu anafunga geti, halafu analifungua tena. Vijana walikuwa bado wanacheka wakimngojea Mama Ayikoru atoe neno. Yeye alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Hapa," akasema polepole, "wamesema kweli."

Tulipotoka, alituingiza kwenye banda la chai, akamtuma Rajabu kutafuta kiberiti na sabuni, ili tubaki wawili. Chai ikaja na chapati. Nikala. Aliniangalia nikila kama mtu anayetazama mvua ikishuka kwenye shamba lake.

"Jirani aliniambia," akasema, "msichana wa mjini anachukua mutoto yako, anaenda naye, hapana kurudi. Hata kaburini hapana kuja. Mimi nikaogopa wewe. Ile kuku ilikuwa ya kuomba."

"Kuomba nini, Mama?"

"Kuomba wewe upende hapa kidogo."

Nilitaka kulia, lakini swali nililolibeba muda wote likatangulia. "Na kile kibuyu?"

"Kibuyu gani?"

"Kile cha juu ya moto."

Alinitazama, akaelewa, na hapo ndipo nilipoiona ile furaha aliyopewa na jina lake. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitenge cha kanisani. Wateja wakacheka bila kujua wanacheka nini. Ilikuwa chumvi ya majivu, mwanangu! Maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mabua ya ufuta, ya kulainisha majani ya kunde. Jumatatu yake akanifundisha kuyachuja, na hadi leo mboga yangu haiendi bila hayo.

Pale bandani, kabla Rajabu hajarudi, Mama alinionya, na onyo lake lilikuwa dogo. "Filamu ikikuonyesha mutu, mwache huko. Hapana kuchukua uso yake kuvalisha mutu mwingine. Kama unataka kujua mimi, uliza mimi."

Chumba cha mjini kiliezekwa mwezi uliofuata. Ni mimi niliyeomba tukae Manibe mpaka mavuno. Na baada ya kuhamia Arua, mama alikuwa akishuka na mzigo wake wa mboga Jumamosi, tunauza, kisha tunaingia kibandani. Vijana walimwachia benchi ya mbele. Filamu ikiisha walimzunguka wasikie hukumu. Nyingine alisema, "Hii wamepika bila moto." Nyingine, "Hii nusu kweli, nusu manukato." Na mara chache alitoka bila kusema kitu, akitembea taratibu, nasi tukajua hiyo imemgusa. Mungu amlaze pema. Amenifundisha kutazama.

Leo filamu imeingia mfukoni. Mwalikuta jua na mwaliaga jua mkiwa nayo mkononi, na wala siwalaumu, kwa maana na mimi ninayo. Mwaka jana vijana wa hapa Arua walikuja kuazima uwanja wangu wapige filamu yao kwa lugha zetu. Wakanionyesha hadithi: mama mkwe mbaya, mke mwema. Nikawaambia uwanja ni wenu, ila huyo mama mpeni jembe, na mpeni siku moja ya kuchoka. Wakabishana kidogo, wakampa. Siku ya kuionyesha, wanawake wa mtaa walicheka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na ukimya ule ulinipendeza kuliko makofi.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Usikimbilie kusema filamu ni uongo. Ziko zenye kweli, na pengine kweli hiyo imejificha kwa yule uliyeambiwa umchukie. Itazame kama unavyompokea mgeni: mkaribishe, cheka naye, lakini muulize ametoka wapi na ameacha nini nyuma. Muulize nani anafagia hiyo nyumba. Halafu ukirudi kwako, weka simu chini umtazame mtu uliye naye kana kwamba hujawahi kusimuliwa habari zake, maana nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, wala huijui heri yake.

Mungu akupe macho ya kucheka na macho ya kunyamaza. Akupe mume au mke utakayemuuliza akujibu, na mama mkwe atakayekuchinjia kuku. Nawe ukiletewa sahani, mwanangu, unawe mikono, useme bismillahi, ule ushibe.