Sifa Nilizompa Mheshimiwa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha naona haya.

Nilikuwa kijana, nimetoka Mombasa juzijuzi, nakaa kwa mjomba kule Springfield, kusini mwa Marekani. Nikapata kazi ya kutembeza wageni katika nyumba ya kale ya mbunge mmoja wa karne ya kumi na tisa, mwenye mashamba ya tumbaku. Jina lake usiniulize, hata Wamarekani wenyewe hawamjui. Maisha yake yote niliandikiwa kwenye karatasi moja, na nusu yake tupu! Bungeni alisimama mara moja tu, akaomba dirisha lifungwe, baridi inampiga.

Nilikuwa bado najaribiwa, na bosi alitaka wageni wafurahi. Basi mimi, mtoto wa pwani, nikafanya nilivyolelewa: marehemu hasemwi ila kwa wema. Nikamsifu kama niko matangani. "Marehemu alikuwa mtu wa watu! Shambani kwake hakulala mtu na njaa!" Wageni wakapiga makofi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kesho yake nikamwongezea mayatima aliowalea. Lile dirisha nalo nikaligeuza hotuba ya kuwatetea wazee wenye kifua.

Siku ya bosi kuamua kama nibaki, kasimama mlangoni ananisikiliza, akaja bibi mmoja Mmarekani mweusi, na mkongojo wake. Akaningoja nimalize.

"Kijana," akasema, "nyanya wa nyanya yangu alikuwa mtumwa hapa. Kazikwa nyuma ya ghala, hana hata jiwe. Huyo mlezi wako wa mayatima ndiye aliyemnyang'anya mwanawe akamuuza."

Nikaropoka, Mungu anisamehe: "Bibi, kwetu marehemu hasemwi vibaya."

"Na wangu je, si marehemu? Mbona hukumsema hata kwa wema?"

Lo! Nikamwomba jina la nyanya huyo. "Dina," akasema. Nikawachukua wageni wote mpaka nyuma ya ghala, nikaanza upya: "Marehemu Dina..." Bibi akalia, nami nikalia. Bosi alinibakiza kazini, kwa sharti moja: dirisha libaki dirisha.

Mwanangu, adabu kwa wafu ni njema, lakini isiwe blanketi la kumfunika aliyedhulumu. Kabla hujamsifu mwenye nyumba, uliza nani kalala nyuma ya ghala, umtaje yeye kwanza.

Mola akupe ulimi mkweli. Na siku yako ikifika, miaka mingi baadaye inshallah, akujaalie watu wa kukutaja kwa jina lako, wasikuzulie hotuba.