Mkwaruzo kwenye Santuri ya Mama

Mwenzangu, juzi mjukuu wangu kaniletea santuri hapa Kibamba. Mpya, inanukia plastiki, ila sura ya kwenye jalada ni ya mama, kabla hajanizaa. Kumbe wameitoa upya santuri yake ya kwanza ya jazi, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

"Bibi, mbona hukutuambia?"

Acha nikwambie wewe.

Baba alimuoa mama, akamwachisha bendi. Santuri aliibakiza, Ijumaa anawapigia wageni wajue kaoa nani. Mwimbaji mwenyewe kamfungia ndani. Akienda bandarini anatia kufuli, ufunguo ananivika mie shingoni kwa kamba ya katani: nisifungue ila nyumba ikiungua. Maji na mchicha nampitishia mama dirishani, kati ya nondo. Ndiyo maana shule niliishia darasa la pili, nilikuwa na kazi ya ulinzi. Haya mengine yote nimejijengea mwenyewe kwa kuuza mkaa.

Siku moja akaja mpiga gitaa wa bendi yao. Wanarekodi tena alasiri ile, wanamtaka mama. Mama akashika nondo, mikono ina tui la nazi.

"Mwanangu, fungua. Naimba, narudi kabla baba'ko hajafika."

"Baba kakataza."

Mpiga gitaa akacheka. "We mtoto, umeajiriwa jela?"

Baba alikuwa kaniahidi viatu vya Idi. Tena niliogopa mama akitoka harudi. Nikaukamata ufunguo, nikakimbilia bombani, nikakaa hukohuko hadi yule bwana akaondoka. Niliporudi mama alinipakulia wali, akanipitishia dirishani, nyama kubwa kaniwekea mie. Hakunigombeza. Hakuimba tena pia, hata akikuna nazi.

Nyumba ile ya Temeke haipo, pamejengwa fremu za maduka. Santuri yetu ilikuwa na mkwaruzo wimbo wa mwisho. Sindano inanasa, mama anarudia neno lilelile mpaka baba ainyanyue. Mwisho wake sikuwahi kuusikia.

Hii mpya haina mkwaruzo. Juzi imekwenda mpaka mwisho. Tarumbeta ikanyamaza, halafu mama akacheka, kicheko cha msichana, kirefu, kama kakimbia kafika.

Nimeishi naye mpaka namzika, kicheko kile sikukipata hata siku moja. Viatu nilivipata. Vyekundu.