Nilidhani Injini ya Pili Ni Spea

Rubani hakuwa amelewa. Mimi ndiye niliyewaua wale watu wawili, na uongo kwamba alilewa nimeulea mpaka nimeota mvi.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, malori yangu yalibeba mbao kutoka Makambako, fedha ikanipanda kichwani. Nikanunua ndege kuukuu ya injini mbili kwa mzungu wa chai aliyekuwa anarudi kwao. Njombe nzima ikanijua! Nikamwajiri Idi, mtu wa Makambako, mswalihina, baba wa watoto watatu.

Asubuhi moja kiwanjani alizima injini, akashuka.

"Bosi, ya kushoto inakohoa. Haturuki."

"Kwani ziko ngapi?"

"Mbili. Lakini huku juu hewa nyepesi. Moja ikifa, nyingine haituinui na mzigo huu."

Mzigo ulikuwa magunia matatu ya viazi na mke wangu, Anjela, aliyekuwa anakwenda harusini Mbeya. Mimi mtu wa malori, jamani! Kwangu injini ya pili ilikuwa tairi la spea.

"Idi, hiyo suruali umeazima kwa mkeo?"

Wapakiaji wakacheka.

"Baba Tumaini, niache nipande basi," Anjela alisema.

"Basi? Wanione nimefilisika?"

"Angalau tushushe viazi," Idi akasihi.

"Hakishuki hata kimoja!"

Akapanda.

Walipita juu ya mtaa wa Mjimwema, injini ya kushoto ikanyamaza. Nilisikia ile moja ikilia peke yake, kisha sikusikia kitu. Waliangukia kwenye msitu wa miti ya miwati. Viazi vilitapakaa hadi barabarani, na watu waliviokota hivyo kwanza, kabla ya maiti.

Maofisa waliponiuliza, nikajibu, "Alinuka pombe." Idi, asiyekaa hata karibu na wanywa ulanzi!

Baba yake alinifuata. "Mwenzangu, sema kweli tu. Msikitini wananikwepa."

"Nenda kalee wajukuu, mzee."

Alikufa akisubiri. Wajukuu wamekua wakiitwa watoto wa mlevi.

Wenye vyombo vya usafiri, mtu wa kazi akikwambia chombo hakifai, shusha mzigo. Usimcheke mbele za watu! Ukimcheka, atapanda.

Kila mwaka mwanangu Tumaini na mimi tunafyeka kaburi la mama yake kule Uwemba. Kila mwaka anamlaani Idi, nami naitikia.

Tumaini, ukisoma hapa, wa kumlaani ndiye huyo anayefyeka pembeni yako.