Bibi Yuko Shamba

Kaka yangu tulimzika kwa simu. Nilikuwa sebuleni kwangu hapa Mkuza, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nikimtazama akishushwa kaburini huko Kanada. Wenzake wa kazini wakasimama mmoja mmoja kumsifu. Alikuwa bosi mkubwa wa kampuni ya kompyuta, baba wa watoto wawili, na kila aliyezungumza alirudia kwamba aliipenda sana familia yake. Nikasonya. Familia ipi, ndugu yangu? Zaidi ya miaka ishirini hakukanyaga kwetu Kisarawe. Lakini sababu naijua, na nimeibeba tangu utotoni.

Sisi wawili tulilelewa na bibi. Msimu wa korosho Kisarawe yote ilinuka moshi. Bibi alizichoma uani kwenye debe kuukuu lililotobolewa, mafuta yake yakilipuka moto, halafu tukakaa mkekani kubangua mpaka ngozi za vidole zinabanduka. Kaka alibangua huku amefumua redio ya mtu mbele yake, skrubu zimechanganyika na maganda. "Wewe siku moja utatulisha misumari," bibi alimwambia. Mchana tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu. Ukoko alipewa yeye, mimi nikaachiwa mwiko niulambe. Nilimwonea wivu, na nilimpenda hivyohivyo.

Alipopata ufadhili wa masomo akaondoka. Kila Jumapili alipiga kwa simu ya jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye alituletea mpaka nyumbani. Kaka alianza na shikamoo, na bibi aliitikia marahaba kwa sauti ya kufika Kanada bila simu.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, bibi akapooza upande mmoja na ulimi ukawa mzito. Baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo.

"Aliye safarini hapelekewi habari mbaya," alisema. "Akianguka huko, nani atamwokota?"

Wazee wakakubali, maana kwetu ndivyo ilivyo. Simu nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa mtoto hashukiwi.

"Mpe bibi niongee naye," kaka anasema.

"Bibi yuko shamba."

"Jumapili hii tena?"

"Eeh. Muhogo umekomaa."

Nikirudi ndani, bibi ananiuliza kwa ule ulimi mzito kama mjukuu wake kapiga. Baba mdogo alishanionya: akijua atataka kuongea, na sauti itatuumbua. Basi namjibu, "Bado, bibi." Anageukia ukutani. Wiki saba nilifanya hivyo, na akafa akiamini kwamba mtoto aliyemlea amemsahau.

Kaka aliambiwa baada ya arobaini. Hakutukana wala hakulia. Alisema tu, "Hata wewe?" akakata. Tangu hapo tukawa tunapata salamu za Idi, basi.

Siku hizi ile mikorosho imekatwa, viwanja vimepimwa, na pale uani kwetu pamepita ukuta wa mtu nisiyemjua. Jirani alishahama. Baba mdogo naye alishakufa, kwa hiyo hasira yangu haina pa kwenda. Nimejaribu kuchoma korosho hapa Mkuza, wapangaji wakalalamikia moshi.

Jana binti wa kaka alinipigia. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini alianza na shikamoo.

"Shangazi, baba alisema alipiga kila Jumapili wakati bibi anaumwa. Alitaka kukuuliza kitu miaka yote, akaogopa. Bibi alijua kwamba anapiga?"

Nilikuwa nimeungoja mlango huo wa kusema kweli maisha yangu yote. Umefunguliwa, na aliyesimama pale ni mtoto wa watu mwenye msiba mbichi, mbali huko, peke yake.

"Alijua, mwanangu," nikasema. "Kila Jumapili nilimwambia."

Ikatoka laini kabisa, bila kukwama. Akalia, akanishukuru, akasema baba yake sasa atapumzika. Nikaipokea shukrani yake. Safari hii hakuna mzee aliyenituma.