Udongo Ulionyweshwa

Ofisi ya kampuni yangu iko Mazimbu. Ni chumba kimoja chenye mlango wa bati na bango kubwa kuliko mlango. Ndani kuna meza, viti viwili, stashahada yangu kwenye fremu, na leseni yangu ya ufundi umeme kwenye fremu kubwa zaidi. Katika mtaa ule hakuna mwingine mwenye leseni ya daraja hilo. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayesema.

Nilirudi Morogoro baada ya miaka saba Uarabuni, ambako nilifunga umeme kwenye maghorofa ambayo lifti zake zinaongea. Kusajili kampuni hakukunitisha. Jina la kwanza nililochagua lilikuwa na neno "Kimataifa". Mama yangu akauliza kimataifa ndiyo wapi, Mkuyuni? Nikaliondoa. Mengine yote yalipokamilika, nikachongesha muhuri, maana bila muhuri wa mkandarasi mwenye leseni, shirika la umeme halipokei fomu ya mtu anayeomba kuunganishiwa nyumba yake. Nikakaa nao wiki mbili, nikiutazama.

Wa kwanza kuuhitaji alikuwa fundi aliyenifundisha kazi kabla sijajua kuna kitu kinaitwa stashahada. Amefunga umeme kwenye nyumba nyingi za Mgeta. Leseni hana na hajawahi kuitafuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mkurugenzi. Nigongee hapa." Akaweka fomu mezani.

"Nyumba iko wapi?"

"Mgeta. Haijatembea."

"Lazima nikaipime kwanza."

"Kazi yangu mimi?"

"Nikigonga bila kupima, leseni inafutwa. Na mtu akipigwa shoti, jina lililopo hapo ni langu."

Alitazama zile fremu mbili ukutani, moja baada ya nyingine. Akasema watu wa shirika wanapita kijijini Alhamisi kupokea fomu. Nyumba isiyo na fomu nguzo zitaipita, na watarudi lini hakuna anayejua. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano nilipanda Mgeta kwa pikipiki, nyuma ya malori ya kabichi, nikamalizia kwa miguu, kipimo mgongoni na fimbo ya shaba ya akiba begani. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki kadhaa. Vumbi la njiani lilifika kwenye vifundo vya miguu, na viatu vyangu si vya kununuliwa hapa.

Mwenye nyumba, mama mmoja mkulima wa karoti, alitukaribisha mimi na mwalimu, aliyekuwa ametangulia kufika. Sebuleni kulikuwa na mashine mpya ya kutotolesha vifaranga, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani.

"Mayai nimeshaagiza," alisema.

Kazi ya ndani ilikuwa safi. Mabomba ya nyaya yamenyooka na viungo vimekaza, na nasema hivyo kama mtu aliyefanya kazi na lifti zinazoongea. Nikatoka nje kuangalia ethi, ile fimbo ya shaba inayopigiliwa ardhini ili umeme ukipotea njia uishie kwenye udongo na si kwenye mwili wa mtu. Uwanja mzima ulikuwa vumbi. Kuzunguka ile fimbo palikuwa na duara jeusi, bichi, upana wa sinia.

Nilijua duara lile limetoka wapi. Udongo mkavu haupokei umeme vizuri, kwa hiyo kabla ya mkaguzi kufika unamwaga ndoo mbili, kipimo kinasoma vizuri, mkaguzi anakunywa chai na kuondoka. Mwalimu ndiye aliyenifundisha. Ndoo hizo nimezibeba mwenyewe.

Nikapima. Kipimo kikasoma vizuri sana. Mama akapiga makofi. Nikarudisha fomu kwenye begi.

"Mama, ndoo imefaulu. Nyumba bado."

"Mwanangu," mwalimu alisema taratibu, "unapima udongo au unanipima mimi?"

"Udongo, mwalimu. Wa kiangazi."

"Umesoma sana."

"Nimesoma."

"Mimi sijasoma," mama alidakia. "Naomba mniambie kesho nimo au simo."

Nikamweleza kwamba duara lile likikauka, shoti yoyote itatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mkono wake juu ya mashine ya vifaranga. Akamgeukia mwalimu.

"Fundi, ulijua?"

"Chini hapo ni mwamba, mama. Nimevunja mpini wa nyundo. Fimbo ikabidi niikate."

Nikawaeleza suluhisho. Kuna unga maalumu wa kuzungushia fimbo, au fimbo tatu zinazopigiliwa kwa pembetatu na kuunganishwa. Unga unapatikana Dar es Salaam. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Mwalimu alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akamuuliza mama:

"Maji ya bafuni yanakwenda wapi?"

"Kwenye migomba."

Nyuma ya nyumba kila kitu kilikuwa cha manjano isipokuwa migomba ile. Mwalimu alishika fimbo yangu ya akiba, mimi nikapiga nyundo, na ikazama kama mwiko kwenye uji. Tukachimba mtaro wa kupitishia waya mpaka nyumbani, mimi na viatu vyangu. Nikapima. Ilifaulu, na safari hii hakuna aliyemwaga kitu.

Nikamwambia mama kwamba ethi hii itakuwa salama ilimradi watu wa nyumba hii waendelee kuoga.

"Tunaoga kila siku, baba," akajibu, na hakutabasamu.

Stashahada yangu ilikuwa na masomo mengi. La migomba halikuwemo.

Nikatoa fomu, nikatoa muhuri, nikagonga. Hakikutoka kitu. Wiki mbili za kutazamwa na siku moja ya vumbi zilikuwa zimekausha kidau cha wino. Nikagonga tena kwa nguvu zaidi. Mama akafumba macho.

Mwalimu akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akakishikilia juu ya kidau bila kumwaga.

"Mkurugenzi, huu nao unanyweshwa, au leseni inafutwa?"

"Huu unanyweshwa, mwalimu."

Akadondosha matone mawili. Muhuri ukatoka, umefifia upande mmoja, lakini jina la kampuni lilisomeka lote. Lingekuwa na "Kimataifa" lisingeenea.